Simu Iandikwe Umri Wake

Kwa mafundi wa simu pale Masimba, Kayole, jijini Nairobi, huletwa simu zisizo na ubovu wowote. Kioo kizima, chaji inakaa, laini inashika. Ila WhatsApp imegoma kufunguka, au programu ya benki inadai simu hii haikubaliki tena. Hapo fundi hana cha kukarabati. Wapo wateja wanaoishia kuwekewa programu iliyotolewa kusikojulikana, kwenye simu ile ile wanayotumia kutuma na kupokea pesa. Hiyo ni hatari kubwa.

Tangu Oktoba 24, 2023, WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0. Mei 2025 ikaziacha iPhone zisizofika iOS 15.1. Wenye programu wana sababu yao: toleo likishaachwa na mtengenezaji, mianya ya wezi haizibwi tena. Kwa hilo hatuwalaumu. Tunachokataa ni mnunuzi kufichwa tarehe ambayo simu yake itaachwa, siku anapotoa pesa zake.

Na pesa hizo ni za jasho. Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa kununua simu kwa mkopo ulioanzishwa na Safaricom na Google mwaka 2020, ulianza na malipo ya shilingi 20 kwa siku. Simu za bei ya chini ndizo mara nyingi zinazopata masasisho machache, kwa hiyo mama mboga anaweza kumaliza deni na kukuta mtengenezaji alishaisahau simu yake. Anayenunua ya mtumba huumia zaidi: muda wake huenda uliishia mikononi mwa mmiliki wa kwanza.

Pakiti ya unga ina tarehe ya mwisho. Simu inayogharimu mara mia ya unga huo haina. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 20, 2025, unawataka watengenezaji wa modeli mpya watoe masasisho kwa miaka isiyopungua 5 baada ya kuacha kuziuza. Sisi tuna Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya, kinachompa mnunuzi haki ya kupata habari zote za kumwezesha kufaidi alichonunua. Mamlaka ya Mawasiliano tayari huidhinisha modeli za simu kabla hazijaingia sokoni. Iongeze sharti moja: mwezi na mwaka wa mwisho wa masasisho uchapishwe nje ya kasha, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Wauza mitumba nao wabandike tarehe hiyo.

Kwa wale ambao simu zao zimeshaachwa, mlango usifungwe. Bima ya afya ya SHA ilisajili watu kwa *147#, eCitizen ina *222#, na M-Pesa ina *334#; zote hupita hata kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe. Ofisi yoyote ya umma inayozindua programu mpya izindue na namba yake ya nyota siku hiyo hiyo.