Kamati ni kazi, si cheo

Mwaka wa klabu za Rotary na Lions huanza Julai 1. Rais mpya huvishwa mkufu, picha hupigwa, kisha orodha ya kamati husomwa: uanachama, miradi, fedha, vijana, mazingira, michezo. Mara nyingi, ikifika Oktoba, nusu ya kamati hizo hazijakutana, na mzigo wote umewalemea rais, katibu na mweka hazina.

Tunazishauri klabu za huduma za Kisii na Nyamira zianze kwa kupunguza. Rotary yenyewe hupendekeza kamati tano tu: utawala wa klabu, uanachama, taswira kwa umma, miradi ya huduma na Wakfu wa Rotary. Klabu ya watu 20, wengi wao walimu, wauguzi na wafanyabiashara wasio na nafasi katikati ya wiki, haiwezi kuendesha kamati 12.

Kila kamati inayobaki ipewe hati ya ukurasa mmoja: kazi yake, bajeti yake, jambo inaloweza kuliamua bila kusubiri bodi, na tarehe ya ripoti. Ripoti iandikwe na isambazwe kabla ya kikao, ili muda wa kikao utumike kuamua. Makubaliano ya WhatsApp nayo yaingizwe katika kumbukumbu, la sivyo mwezi ujao yatabishaniwa upya.

Fedha zina kanuni zake. Tuseme klabu inajengea chemichemi, kazi inayohitajika sana katika vilima vya Gusii. Kamati ya miradi ichague fundi na ikague saruji na mabomba. Mweka hazina alipe baada ya kuona stakabadhi. Anayemchagua fundi asiwe ndiye anayemlipa. Michango iingie katika akaunti ya klabu, si katika simu ya mtu, hata awe mwaminifu kiasi gani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Bomba la chemichemi hiyo likipasuka mwaka wa pili, wanakijiji watampigia nani, ikiwa rais na kamati yake wote wameshaondoka? Ndiyo maana Rotary hushauri mwanachama adumu katika kamati moja kwa miaka mitatu. Atakayeongoza kamati mwakani awe makamu leo, ayajue mafaili na mafundi.

La mwisho ni uteuzi. Viti vya kamati visigawanywe ili koo za Kitutu, Bobasi, Nyaribari na Mugirango, kila mmoja uonekane umepata, wala visiwe vya kumtuliza aliyeshindwa uchaguzi. Abagusii wana mila ya risaga: majirani huitana kulima shamba la mmoja wao, na kila mtu hufika na jembe lake. Haulizwi cheo, hutazamwa amelima wapi. Klabuni iwe vivyo hivyo: mhasibu apewe hesabu, fundi apewe miradi, na kijana anayejua kupiga picha apewe taswira ya klabu.

Bodi zisisubiri Julai. Katika kikao kijacho, kila mwenyekiti wa kamati ajibu maswali matatu: mlikutana lini, mmefanya nini, mmetumia kiasi gani. Kamati isiyo na majibu ivunjwe papo hapo, na wanachama wake wahamishiwe penye kazi.