Ice Lions Wako na Moto, Lakini Barafu Ni ya Nani?

Kama hujawahi skia, Kenya iko na timu ya hoki ya barafu. Inaitwa Ice Lions na inafanyia mazoezi Panari, ile hoteli ya Mombasa Road yenye barafu ya kuteleza tangu 2005. Ukiwa Gitothua, unashika mathree hadi tao, unavuka tao, unashika ingine. Masaa ya jam, hiyo ni safari ya kubeba lunch.

Mwaka 2018 stori yao ilizunguka dunia. Nyumbani walikuwa wanacheza wao kwa wao tu, juu hakukuwa na timu ingine ya kuwapima. Kampuni ya kahawa ya Canada, Tim Hortons, ikawapeleka huko, ikawapa vifaa kamili, na wakacheza mechi ya ukweli. Kumbe kulikuwa na wageni wawili wa kuwasaidia: Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kama hufuati hoki, hiyo ni kama uko kwa mechi ya mtaa pale Ruiru halafu Messi na Mbappé wanashuka kwa gari wanauliza jezi ziko wapi.

Na haikuishia kwa video. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa IIHF, shirikisho la hoki ya barafu duniani. Hiyo ni hatua noma kwa nchi yenye ikweta inapita katikati.

Sasa wasee wengi wanasema, "Tupate tu sponsor, tutatoboa." Hapo ndio nataka tusimame kidogo, tucheki historia ya timu ya huyo Crosby.

Mabingwa waliosota mara mbili

Pittsburgh Penguins ilianza 1967. Imeshinda Stanley Cup, kombe kubwa kabisa la hoki, mara tano: 1991, 1992, 2009, 2016 na 2017. Ukiskia hivyo unadhani ni timu ya matajiri tangu siku ya kwanza. Wapi! Ilifilisika 1975. Ikafilisika tena 1998, miaka sita tu baada ya kuchukua kombe mara mbili mfululizo.

Kati ya watu waliokuwa wanadai timu doh alikuwa Mario Lemieux, staa wao aliyekuwa ashastaafu. Alikuwa anadai mshahara wa mamilioni ya dola. Badala ya kung'ang'ania cash, aligeuza sehemu kubwa ya deni lake kuwa hisa, na 1999 akaongoza kundi lililonunua timu. Kisha akavaa viatu vya barafu tena akarudi kucheza, akiwa mwenye timu. Hebu fikiria mchezaji wa ligi yetu anayedai mishahara ya miezi sita akiambiwa, "Sawa, chukua klabu."

Crosby alikuja 2005, lakini shida haikuisha. Uwanja ulikuwa wa zamani, wa 1961, na kulikuwa na maneno ya timu kuhamishiwa mji mwingine. Mpaka 2007 ndio mkataba wa uwanja mpya ulifanywa na serikali za huko, na ukafunguliwa 2010. Vikombe viwili vya mwisho vilikuja wakati timu ilikuwa na kwake.

Sasa sisi?

Tazama mpangilio vizuri. Talanta ilikuwepo tangu zamani, na haikuzuia timu kufilisika. Kilichookoa Penguins ni mtu wa ndani kukubali kubeba mzigo, halafu uwanja wenye mkataba unaoeleweka.

Ice Lions wako na talanta na roho. Barafu ndio si yao. Ni ya hoteli, ni ndogo kuliko uwanja rasmi wa hoki, na hoteli ni biashara. Umeme wa kugandisha maji Nairobi hauko bure. Siku hesabu za biashara zikikataa, timu ya taifa itateleza wapi?

Hii si stori ya barafu peke yake. Hapa kwetu tulikuwa na Thika United kwa ligi kuu, timu iliyoanza kama Brookside, ile ya maziwa. Leo haiko kwa ligi hiyo. Timu ikisimama kwa mguu wa mtu mwingine, akikaa chini inaanguka.

Kwa hivyo next time mwanasiasa akikuja mtaani na mipira miwili na jezi zenye uso wake, chukua, hakuna ubaya. Lakini muulize swali la pili: uwanja ni wa nani, title deed iko wapi, na nani analipa stima mwaka ujao? Jezi huchanika. Uwanja wenye karatasi ndio ulibaki Pittsburgh.