Tetra si kinga: tusiifundishe kolera kushinda dawa



Katika mkutano wetu wa mwisho hapa Bendera, mbele ya kugawana faida ya mahindi, mmoja wetu alisimama akaomba neno. Akasema: "Bandugu, mvua inakaribia. Mvua ikianza, kolera nayo inapanda na barabara kutoka Kalemie. Tutoe feza kwa sanduku, tununue katoni ya tetra. Kila familia ikamate yake, tumeze mapema, ugonjwa utukute tayari."

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilianza kupiga, halafu nikakumbuka jambo, nikashusha mikono. Uamuzi umeachwa hadi mkutano unaokuja. Ninaandika haya kusudi siku ile tusinyooshe mikono bila kufikiri.

Maoni yangu nayasema wazi tangu mwanzo: feza ile isinunue tetra. Inunue kloro, chumvi, sukari, na mafuta ya pikipiki.

Jambo nililokumbuka ni hili. Miaka michache iliyopita mtoto wangu wa pili alianza kuhara usiku, maji meupe kama ya kuoshea mchele. Nilikuwa na vidonge vya tetra vilivyobaki nilipotibu kuku. Nikampa kimoja, nikamwambia mama yake: tungoje asubuhi. Maji hatukumpa mengi, juu tulifikiri kunywa kunaongeza kuhara. Kulipopambazuka macho yalikuwa yameingia ndani, sauti imepotea, na ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Kwenye kituo cha afya munganga alimtundikia seromu palepale. Habari ya kidonge aliiuliza baadaye sana. Mtoto alipona. Nikimwaga machozi pale nje, munganga aliniambia: "Papa, mtoto hakukosa dawa. Alikosa maji."

Neno lile lilinifanya niulize, nisome, niulize tena. Nililojifunza linafanana sana na mambo ya shamba.

Sisi wakulima tunajua urithi. Panda mihogo ya aina mbili katika shamba moja: hii majani yanajikunja kwa mozaiki, ile inasimama vizuri. Udongo ni mmoja, mvua ni moja. Tofauti iko ndani ya mche, katika jeni zake, yaani maagizo ambayo mche umerithi kwa mzazi wake. Maagizo yote pamoja wataalamu huyaita jenomu. Mtu anayo. Kuku anayo. Na mikrobe ya kolera, ndogo hata jicho haliioni, nayo iko na yake.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Muhogo hauwezi kuamka usiku na kuazima nguvu kwa muhogo wa jirani. Mikrobe inaweza. Inaazima jeni kwa mikrobe nyingine, hata za ukoo mwingine, na kesho yake watoto wake wote wanazaliwa nazo.

Hata sumu yenyewe ya kolera ni kitu cha kuazima. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Marekani, Matthew Waldor na John Mekalanos, walionyesha kwamba jeni za sumu ile zililetwa ndani ya mikrobe na virusi, vile virusi vidogo vinavyoshambulia mikrobe. Mikrobe ya kolera iko na vinywele inavyotumia kujishikiza katika utumbo wa mtu. Virusi vile navyo vinaingia kwa kushika vinywele vilevile. Kuna ndugu wa mikrobe hii wanaoishi majini bila sumu, na hao hawaleti kolera tunayoijua. Mwenye kuua ni yule aliyebeba mzigo wa virusi.

Sasa tuifuate ndani ya mwili. Unameza maji machafu. Asidi ya tumbo inaua mikrobe nyingi. Zinazobaki zinafika utumbo mwembamba, zinajishikiza, zinatoa sumu. Sumu inaingia katika ukuta wa utumbo na kuacha mlango wa chumvi wazi. Chumvi inatoka, maji yanaifuata. Mgonjwa mkubwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Kinachoua ni huko kukauka. Wagonjwa wakali wasiotibiwa, nusu yao wanaweza kufa. Wakirudishiwa maji vizuri na mapema, hafi hata mmoja kwa mia.

Na hapa kuna habari njema. Sumu haifungi kila mlango. Uko mlango mwingine katika utumbo, ambao sukari na chumvi vinapita pamoja kuingia mwilini, na maji yanakuja nyuma yao. Mlango ule unaendelea kufanya kazi hata kolera ikiwa kali. Ndiyo sababu chumvi peke yake haitoshi, sukari peke yake haitoshi, lakini vikichanganywa katika maji safi vinaokoa mtu.

Mwili nao uko na urithi wake. Watu wa damu ya kundi O, kolera ikiwashika, mara nyingi inawashika vikali kuliko wengine. Na watu wengi wanaomeza mikrobe hii hawaugui kabisa, au wanahara kidogo tu, lakini wanaitoa chooni siku kadhaa. Basi usiseme "ugonjwa umetoka kwa fulani". Mwenye kuubeba anaweza kuwa mimi ninayeandika, nikiwa mzima na nikicheka.

Turudi kwa tetra. Ndugu aliyeomba neno ana hoja ya kweli: dawa hii inaua mikrobe. Lakini jaribio la kuimeza kijiji kizima mapema limeshafanywa karibu na sisi, ng'ambo ya ziwa. Mwishoni mwa 1977 kolera iliingia Tanzania. Serikali ilitumia tetrasiklini kwa wingi, kwa wagonjwa na pia kwa watu wazima kama kinga. Katika mwezi wa kwanza, mikrobe zote zilizopimwa zilikuwa zinashindwa na dawa. Baada ya miezi mitano, 76 kwa kila 100 zilikuwa hazishindwi tena. Profesa Fred Mhalu na wenzake wa Dar es Salaam waliyaandika mambo haya mwaka 1979. Miezi mitano tu, bandugu! Ni muda wa kupanda muhindi na kuuvuna. Na mwaka 1978 kolera ilikuwa imeshafika huku kwetu, mashariki ya Zaïre.

Ilikuwaje? Kama vile tunavyochagua mbegu. Ukichoma magugu yote, mbegu chache zisizoungua zitapata shamba lote kwao. Dawa inaua mikrobe dhaifu, inabakiza zile chache zenye jeni ya kuishinda. Tena jeni hizo zinafungwa pamoja kama mzigo wa pikipiki: mikrobe inapokea ukinzani wa dawa mbili, tatu, nne kwa safari moja.

Ushahidi mwingine uko katika nchi yetu. Julai 1994 kolera ilivamia kambi za wakimbizi wa Rwanda kule Goma. Kwa mwezi mmoja watu karibu 50,000 walikufa, wengi kwa magonjwa ya kuhara. Mikrobe iliyopimwa pale ilikuwa haishindwi na tetrasiklini wala doksisiklini. Waganga wa Bangladesh, watu walioizoea kolera tangu zamani, walikuja kusaidia. Waliandika baadaye kwamba kosa kubwa lilikuwa kurudisha maji polepole mno, na kutotumia vya kutosha maji ya chumvi na sukari ya kunywa. Ni neno lilelile la munganga wa mtoto wangu.

Mtu ataniuliza: kama ukinzani umekwisha kuwepo, mimi wa Bendera naharibu nini? Swali zuri. Mwaka 2017 watafiti walichapisha kazi kubwa: walisoma jenomu zaidi ya 1,000 za mikrobe ya kolera, nyingi kutoka Afrika. Waliona kwamba tangu 1970 kolera hii imeletwa Afrika kutoka Asia si chini ya mara 11, na kwamba matawi yaliyofika karibuni yalikuja tayari na ukinzani wa dawa kadhaa. Kwa hiyo si sisi peke yetu tuliofanya kosa. Lakini jenomu zile zinatufundisha pia kwamba kolera inasafiri na watu: kwa mtumbwi, kwa lori, kwa miguu. Anayesafiri na mtu anafika Bendera. Na dawa ambayo bado inafanya kazi ni mali ya wagonjwa wakali watakaofika kituo cha afya. Munganga anawapa kwa kipimo, pamoja na maji, kusudi kuhara kuishe upesi. Tukiimeza sisi wazima leo, tunakula mbegu ya kesho.

Tuzungumze pia juu ya kuku, maana tetra nyingi hapa inaishia kwa kuku, na mimi nimekiri kosa langu. Kuku wakianza kufa wengi kwa siku mbili tatu, shingo imepinda, kinyesi kijani, mara nyingi ni kideri, ambayo waganga wa mifugo huiita Newcastle. Ile ni virusi. Tetra haiui virusi hata ukimwaga katoni nzima katika maji yao. Kinga ya kideri ni chanjo, mbele ya ugonjwa kufika. Ukimpa kuku tetra, unachofanya ni kuzoesha mikrobe za tumbo lake kuishi na dawa. Kinyesi chake kinaenda bustanini, kwenye lengalenga, mtoni, na jeni zile zinaenda nacho. Nimesema: mikrobe zinaazimana.

Najua hoja ya wanaopenda tetra, nami siidharau. Kituo kiko mbali kwa wengi wetu. Usiku barabara inatisha. Mvua inakata njia. Kidonge ndani ya nyumba kinapa mama moyo. Nilikuwa hivyo mimi mwenyewe. Lakini moyo ule ulinidanganya nikapoteza saa nane za mtoto wangu. Dawa ya umbali ni kupunguza umbali, na hilo koperative inaliweza.

Basi napendekeza tupige kura juu ya mambo haya.

Kwanza, katika kila kikundi cha koperative nyumba moja iwe na akiba ya pakiti za maji ya chumvi na sukari. Pakiti zikiisha, kila mama na kila baba ajue kutengeneza: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mgonjwa anaanza kunywa palepale anapoanza kuhara, kidogo kidogo. Akitapika, ngojeni dakika kumi, endeleeni. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Pili, sehemu ya sanduku iwe ya mafuta ya pikipiki ya kubeba mgonjwa, mchana na usiku, bila kuuliza kama amelipa mchango. Aendelee kunywa hata njiani.

Tatu, kloro kwa maji ya kunywa, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa au pakiti. Na mahali pa kuloweka mihogo pawe chini ya mahali pa kuteka maji. Choo kisikaribie mto. Mikono kwa sabuni mbele ya kula fufu na ndakala zetu, hasa kwenye mikutano na matanga.

Nne, tetra isiuzwe wala kugawanywa na koperative, kwa mtu wala kwa kuku. Feza ya kuku iende kwa chanjo ya kideri. Na chanjo ya kumeza ya kolera, kama ile iliyotolewa Kalemie mwaka 2013 na 2014, ikija kwetu, tusikimbie.

Umeme unaozalishwa hapa kwa maji ya Kiimbi unashuka kuwasha taa za Kalemie. Barabara inaturudishia chumvi, sabuni, samaki, na wakati mwingine kolera. Barabara hatuwezi kuifunga, wala hatutaki, maana mahindi yetu yanapita hapohapo. Tunachoweza ni kuamua kolera ikifika itatukuta na nini mkononi.

Ndugu aliyeomba neno ni rafiki yangu, na alilisema kwa kupenda watu wake. Ninamwomba yeye mwenyewe alete pendekezo jipya mkutanoni. Mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi, na safari hii sitashusha mikono.