Ikhwani Safaa na Nyuzi za Kanuni

Vikundi vingi vya muziki hufa pamoja na waimbaji wake. Ikhwani Safaa cha Mji Mkongwe kimewazika waasisi wake wote, na bado kinapiga. Kilianzishwa mwaka 1905, na ala zake zikaagizwa kutoka Misri. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kilivuliwa jina, kikaitwa Malindi. Baadaye kikalirudia lile la kale. Mwaka 2005 kilitimiza karne.

Kinachonitia wasiwasi ni kanuni. Ala hiyo ina nyuzi zaidi ya 70, na kila sauti hutolewa na nyuzi tatu ambazo sharti zilingane. Mpigaji huanza kuzikaza watu wangali wanatafuta viti. (Apendaye kukaa mbele huijua subira hiyo.) Kinanda cha umeme hakina taabu hiyo, na taarabu ya kisasa, iliyovuma tangu miaka ya 1990, ikakichagua.

Basi nani atajifunza kanuni? Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, kimewafundisha vijana, wake kwa waume. Lakini mwaka 2019 nacho kilitangaza kuishiwa fedha, kikakaribia kufungwa. Mzazi mwenye mtoto asiyechoka kugonga masinia jikoni angempeleka huko akajaribiwe.