Shangazi Aliuliza: "Hiyo Ina Mtu Ndani?"

Jumapili moja nilikuwa nyumbani Kibuyuni, kule mwisho mwisho wa Kwale karibu na Shimoni. Maji yalikuwa ya bamvua, bahari imetoka mbali, na kina mama walikuwa wameinama kwenye vigingi vyao wakifunga mwani kwenye kamba. Binamu yangu alikuwa barazani, macho kwenye simu.

"Kaka, hebu ona hii," akaniambia. "Sasa mimi wataniita kweli?"

Ilikuwa video ya roboti yenye umbo la mtu, imevishwa kitambaa laini kama sweta. Inakunja nguo, inapanga vyombo, inafungua mlango. Binamu yangu anangoja viza ya Saudia. Pasipoti anayo, vipimo vya hospitali amefanya, ajenti amemwambia atulie. Anaenda kuwa shagala. Kama umekulia Pwani, neno hilo sina haja ya kukueleza.

Shangazi akapita na gunia la mwani mbichi kichwani, akachungulia simu, akauliza: "Hiyo ina mtu ndani?"

Tulicheka hadi machozi. Usiku nikaanza kusoma kuhusu roboti ile, nikagundua kwamba kati yetu watatu, aliyeuliza swali la maana ni yule tuliyemcheka.

Tuanze na hesabu

Roboti yenyewe inaitwa NEO, inatengenezwa na kampuni ya 1X. Oktoba 2025 walifungua maagizo kwa wateja wa Marekani: dola 20,000 ukitaka kuinunua, ama dola 499 kwa mwezi ukitaka kuikodi. Hiyo ya kukodi ni kama shilingi 64,000 zetu kila mwezi.

Sasa linganisha. Mshahara unaotajwa mara nyingi kwa Mkenya anayeenda kufanya kazi ya nyumba Saudia ni kama riyali 900, yaani karibu shilingi 31,000. Nusu ya kodi ya roboti. Na huyo dada anapika, anaogesha watoto, anamhudumia nyanya mgonjwa, na anaamka usiku mtoto akilia.

Kwa hivyo nilimwambia binamu yangu: watakuita, usijali. Akafurahi. Mimi furaha yangu ilikuwa nusu, manake ukiangalia vizuri, hatumshindi roboti kwa ujuzi peke yake. Tunamshinda kwa kuwa rahisi. Na bei za mashine huwa zinashuka. Waulize wazazi wako simu ya mkononi iliuzwa pesa ngapi miaka ya tisini, halafu angalia leo ni nani hana.

Basi, ina mtu ndani?

Ndiyo, kwa namna fulani. Mwandishi wa gazeti la Wall Street Journal alipopewa nafasi ya kuiona NEO ikifanya kazi, kila kitu ilichofanya mbele yake kilikuwa kinaendeshwa na mtu aliyevaa miwani ya kompyuta usoni na kushika vidude vya kuongozea. Mtu akiinua mkono, roboti inainua mkono. Kampuni yenyewe haifichi jambo hilo. Inasema kwa kazi ambazo roboti haijajifunza, mteja atakubali mfanyakazi wao aingie kwa mbali na kuiongoza, na kupitia hapo roboti itajifunza.

Si wao peke yao. Kuna maduka Tokyo ambako roboti hupanga vinywaji kwenye rafu. Chupa ikianguka au roboti ikikwama, anayeikwamua ni kijana aliye Manila, Ufilipino. Anafanya kazi dukani Japani bila viza, bila kupanda ndege, na bila mshahara wa Japani.

Usidhani mambo haya yako mbali na sisi. Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba vijana wa Nairobi walikuwa wakisoma maandishi machafu kupindukia ili kuifundisha akili unde ya kampuni ya OpenAI iwe na adabu. Walichopeleka nyumbani kilikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wewe ukitumia programu ile uliona mashine yenye heshima zake. Wao hukuwaona.

Ndio maana naona swali letu la kila siku, "roboti zitachukua kazi zetu?", ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni hii: itakuwaje siku kazi ya shagala itafanywa Riyadh na mtu aliyeketi kwenye chumba cha kupanga Ukunda, miwani usoni, analipwa kwa saa? Kuna atakayesema hiyo ni heri: hakuna kunyang'anywa pasipoti, hakuna kufungiwa ndani, jioni unalala kwako. Mimi mwenyewe sikatai. Lakini dada aliyeko Saudia leo, akiteswa, ana uso na jina, na familia yake inaweza kupiga kelele hadi serikali isikie. Aliye nyuma ya roboti akidhulumiwa, tajiri wake hata hatajua kama alikuwapo.

Sura inaheshimiwa, mtu je?

Mwaka 2017, Oktoba, Saudia ilimtangaza Sophia kuwa raia wake. Sophia ni roboti wa kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong, ana uso wa mwanamke, anatabasamu na kukunja nyusi. Sehemu ya programu zake ilitengenezwa na vijana wa Addis Ababa, kwenye maabara ya iCog. Alisimama jukwaani Riyadh bila mtandio wala mlezi wa kiume, wakati wanawake wa nchi hiyo walikuwa bado hawajaruhusiwa kuendesha gari.

Weka hilo kando ya jingine. Machi 2021 Saudia ililegeza masharti ya kafala ili wafanyakazi wa kigeni waweze kubadilisha mwajiri na kusafiri kwa urahisi zaidi. Wafanyakazi wa nyumbani hawakuhesabiwa. Roboti alipata uraia kwa siku moja. Kadama aliyelea watoto wa watu miaka 10 akaachwa nje hata ya nafuu hiyo ndogo.

Kabla hujawanyoshea kidole

Tuangalie na huku kwetu. Nairobi kuna mkahawa Kileleshwa ambako roboti watatu, Claire, R24 na Nadia, hupeleka sahani mezani. Wawili kati yao wana majina ya kike. Sophia naye wa kike. Umeona? Kinachotumwa kinapewa jina la mwanamke.

Hapo ndipo ninapoona maisha ya kila siku yatabadilika kabla hata ya ajira. Mtoto anayekua akikiamrisha kitu chenye umbo la mtu, kisichochoka, kisichoumwa mgongo wala kuomba ruhusa ya kwenda mazishini, siku akikutana na yaya wa kweli aliyeketi kupumzika, atamwona mvivu. Na sisi hatukuhitaji roboti ili tufike huko. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi, Mombasa na Kisumu kiliwekwa kuwa zaidi kidogo ya shilingi 16,000 kwa mwezi Novemba 2024. Uliza nyumbani kwenu yule dada analipwa ngapi. Halafu turudi kwa Saudia.

Na nyinyi wa hoteli za Diani, nina habari nzuri kidogo. Japani kuna hoteli iitwayo Henn na, ilifunguliwa mwaka 2015, roboti wakiwa mapokezi. Chumbani kulikuwa na kidoli cha kujibu maswali. Mgeni mmoja alikuwa akikoroma, kidoli kikadhani anaulizwa kitu, kikawa kinamwamsha usiku kucha. Kufikia 2019 hoteli ilikuwa imeondoa zaidi ya nusu ya roboti zake 243, manake zilikuwa zinawaongezea watu kazi. Lakini hiyo ilikuwa 2019. Kama kazi yako yote ni kusema "jambo, karibu sana" kwa sauti ile ile uliyofundishwa, hiyo ndiyo sehemu ambayo mashine inaweza. Kumjua mgeni aliyefiwa kabla hajafungua mdomo, au kumtuliza mlevi bila ugomvi, bado ni yako. Dai ulipwe kwa hiyo.

Mwani wa Shangazi

Unajua mwani wa Kibuyuni huishia wapi? Hukaushwa, huuzwa kwa kilo, husafirishwa nje, na hutolewa kitu cha kugandishia kinachotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Anayepiga mswaki asubuhi Ulaya hajui kuna mwanamke aliyeinama kwenye maji ya chumvi kuufunga. Labda ndiyo sababu Shangazi aliuliza vile. Ameshazoea kuwa ndani ya vitu bila kuonekana.

Kwa hivyo wewe unayesoma, ukitumiwa tena video ya roboti inayokunja nguo, uliza alivyouliza yeye. Ina mtu ndani? Yuko nchi gani? Analipwa na nani, kwa sheria ya wapi? Wanasiasa wanaokuahidi kazi za kidijitali waulize hayo hayo kabla ya kuwapigia makofi.

Binamu yangu bado anangoja. Tumethibitisha kwamba ajenti wake amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Nimemwambia apige picha kila ukurasa wa mkataba kabla ya kutia sahihi, aniachie mimi nakala moja na Shangazi nyingine. Shangazi hasomi Kiingereza, lakini ameshaiweka kwenye sanduku lake, chini ya kanga.