Tairi Kubwa Haliongezi Gari Nguvu

Mtangazaji mmoja wa redio amewaambia wasikilizaji wake kwamba SUV ikishashuka bandarini kutoka Japani, kazi ya kwanza ya mwenye gari ni kuvua matairi iliyokuja nayo na kufunga makubwa zaidi, kwa sababu barabara zetu hazitaki unyonge. Akapigiwa simu za pongezi. Hakuna hata mmoja aliyepiga kuuliza hayo makubwa yanakwenda kufanya nini hasa. Imani hii imenichosha. Naisikia gereji, naisikia kwenye vikao vya harusi, sasa imefika hewani.

Tuchukue gari ambalo kila mtu analijua, Prado. Nyingi zinakuja na tairi la 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni ringi kwa inchi. Piga hesabu, utapata kipenyo cha milimita 776. Tairi linalopendwa na wanaotaka gari lionekane la kibabe ni 285/70R17, ambalo kipenyo chake ni milimita 831. Tofauti ni 55. Lakini ekseli inakaa katikati ya gurudumu, kwa hiyo gari linainuka kwa nusu tu ya hiyo tofauti, yaani milimita 27.

Milimita 27! Chukua rula ya mtoto wako uitazame. Hicho ndicho mtu anachokinunua kwa bei ya matairi manne mapya, na mara nyingi ringi juu yake. Jiwe linalopasua sampu ya oili kwenye njia ya kijijini litaipasua na yako pia, ukilivamia kwa mwendo ule ule.

Na malipo hayaishii dukani. Breki hazikukua. Diski ni ile ile na kalipa ni zile zile, ila sasa zinasimamisha gurudumu zito zaidi ambalo ukingo wake umesogea mbali na ekseli. Shika ndoo ya maji karibu na kifua, kisha nyoosha mkono nayo mbele, utaelewa kinachozipata breki za watu kwenye mteremko wa Kitonga. Injini nayo inaanza kulalamika kupandisha, gia zinachelewa kubadilika, mafuta yanaisha mapema. Bushi na bolijointi zinabeba uzito ambao hakuna aliyezitengenezea.

Kisha kuna saa ya mwendo. Haina macho, inahesabu mizunguko. Tairi likikua kwa asilimia 7, kila mzunguko unakupeleka mbali kuliko gari linavyodhani. Shemeji yangu alifunga hayo ya 285 kwenye Prado yake, akapita kwenye kibao cha 50 sindano ikiwa juu ya 50 kabisa, tochi ya trafiki ikasoma 53. Akalipa faini ya shilingi 30,000 huku akiapa kwamba kaonewa. Hakuonewa. Saa nyingi hutoka kiwandani zikisoma juu kidogo ya mwendo halisi, na hiyo akiba matairi yake yaliimeza yote na kuivuka. Tena saa ya kilomita nayo inadanganya: ikikuambia umetembea 5,000 tangu ubadilishe oili, umetembea 5,350.

Nilikuwepo siku anafungiwa. Usukani ulipokatwa mpaka mwisho, tairi lilisugua plastiki ya ndani ya madgadi. Fundi hakusita. "Bosi, hapa tunakata kidogo tu." Akawasha grainda, akakata plastiki, halafu akakata na ukingo wa bati nyuma yake, cheche zikaruka hadi kwenye kapeti. Bati lile lilipigwa rangi ya kuzuia kutu Japani. Pale likaachwa wazi, kavu, tayari kwa masika. Gari la mamilioni limepigwa grainda kwa ajili ya milimita 27, na wote tuliokuwa pale tukaambiwa kwamba limeboreshwa.

Lipo kundi lenye akili ya kubana matumizi, linalofunga makubwa mawili nyuma na kuacha mbele ya zamani. Kwenye gari linaloendesha magurudumu yote manne kwa wakati wote, kama Prado, huko ni kuiua difu ya katikati, maana mbele na nyuma zinazunguka kwa mwendo usiolingana kilomita baada ya kilomita. Difu ikianza kulia, mwenye gari anasema magari ya Japani siku hizi hayana ubora.

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba tairi kubwa linaleta heshima barabarani. Heshima kwa nani? Kwa daladala? Dereva wa daladala hajawahi kumpisha mtu kwa sababu ya ringi. Na matuta nayo, haya yanayomwagwa usiku bila alama wala rangi, mtu anakutana nayo asubuhi akiwa na abiria wazee, hayo ndiyo yangepigiwa simu redioni. Tumeacha kumdai aliyemwaga tuta, tunajipa raha ya kudhani tumelishinda kwa tairi.

Anayesema barabara zetu zinataka tairi pana aende Arusha asubuhi, magari ya mbugani yanapotoka. Land Cruiser hardtop, gari lililobeba zahanati, misheni na watalii wa nchi hii kwa miaka mingi, limefanya kazi hiyo kwa tairi la 7.50R16. Hiyo 7.50 ni upana kwa inchi. Ni jembamba! Kwenye tope jembamba linakata hadi kwenye udongo mgumu chini na kushika. Pana linaelea juu ya utelezi. Kwenye lami yenye maji, pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni kabla halijagusa barabara. Waliolijua pori kuliko sisi sote hawakutafuta upana.

Toyota wenyewe wameuza Prado yenye ringi ya 18 pia, na tairi walilofunga ni 265/60R18. Kipenyo chake ni milimita 775. Walipobadilisha ringi kwa inchi nzima, walihakikisha kipenyo hakitofautiani hata kwa milimita mbili. Wangetaka 831 wangeweka 831.

Hata ukibadilisha kwa sababu ya maana, kwamba saizi yako haipatikani madukani, kipimo kinachokubalika ni tofauti isiyozidi asilimia 3 ya kipenyo, uwezo wa kubeba mzigo usishuke, na manne yote yalingane. Soma pia zile tarakimu nne za mwisho ubavuni: 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Tairi la mtumba lenye miaka kumi, hata liwe kubwa kiasi gani, ni mpira uliokufa.

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo kuna kibandiko kilichoandikwa Kijapani. Maneno huyajui lakini saizi na upepo vinasomeka, na ukiona kPa 220 ujue ni psi 32 hivi. Nenda dukani na saizi hiyo, na fundi akikushauri vinginevyo, tafuta fundi mwingine.