KINGA YA RAIS ISIWE KICHAKA

Ibara ya 46 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inakataza kumshtaki Rais kwa jinai akiwa madarakani. Hatuna ugomvi na hilo. Nchi haiendeshwi kutoka kizimbani. Lakini ibara hiyo inakwenda mbali zaidi. Hata akiisha kustaafu, Rais hashtakiwi kwa jambo lolote alilolifanya kama Rais, isipokuwa kama aliondolewa na Bunge.

Maneno "kama Rais" ndiyo yenye uzito. Mwaka 2008 zilisikika tuhuma, bungeni na nje, kwamba Rais wa Awamu ya Tatu, Ndugu Benjamin Mkapa, alijipatia maslahi katika mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira angali Ikulu. Hakushtakiwa, hakutiwa hatiani, na sasa ni marehemu; hatumhukumu. Tunalouliza ni hili: je, kununua hisa ni kazi ya Rais? Rais huteua majaji na kutia sahihi sheria. Afanyapo biashara yake, huyo ni mfanyabiashara. Mwenyekiti wa kijiji hapa Nakapanya, au sheha kule Makunduchi, akila fedha za watu hapati kichaka cha namna hiyo.

Watasema Bunge lina ibara ya 46A, iliyoingizwa 1992. Ni kweli, na Jaji Mkuu wa Zanzibar anakaa katika kamati yake ya uchunguzi pamoja na mwenzake wa Tanzania. Lakini mlango huo hufungwa siku Rais anapoondoka Ikulu, na mambo ya namna hii, kama tulivyoona, huvuma baadaye.

Huko Marekani, Julai 24, 1974, majaji wanane wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo walimwamuru Rais Nixon, kwa kauli moja, atoe kanda za mazungumzo yake. Walikubali kwamba Rais anazo siri za kazi. Walikataa siri hizo zisitiri ushahidi wa jinai. Siku 16 baadaye Nixon aliacha kazi, na nchi ile haikuanguka.

Tunalitaka Bunge liandike waziwazi kwamba biashara binafsi na rushwa si mambo yafanywayo "kama Rais". Baraza la Wawakilishi nalo liitazame kinga iliyomo katika Katiba ya Zanzibar ya 1984. Kazi hiyo ifanywe sasa, wakati hakuna jina la mtu mezani.